Rangi ya kanga kwenye mfuko wa korosho: kwa nini inatoka pinki

SWALI: Natengeneza matangazo ya vifungashio vya korosho hapa Mtwara. Mteja ana picha ya mfuko mmoja mweupe. Anataka uonekane wa rangi ya damu ya mzee, ileile ya mji wa kanga aliyonitumia picha yake, na mwingine uwe wa njano ya bibo lililoiva. Nachovya rangi kwenye kanga, lakini kila nikibofya napata namba tofauti. Nikiimwaga kwenye leya mpya juu ya mfuko, modi ya Color inatoa pinki, na Multiply inatoa rangi iliyokolea mno, kama hudhurungi. Njano ndiyo haiji kabisa. Ofisini natumia Photoshop, nyumbani GIMP. Nakosea wapi?

JIBU: Shida yako imeanza kabla hujafika kwenye modi, yaani namna leya ya juu inavyochanganywa na ya chini. Namba unayoichovya kwenye picha ya kanga si rangi ya kitambaa peke yake, ni kitambaa pamoja na mwanga uliokiangukia wakati picha inapigwa. Mfuko nao una mwanga wake, ndio unaoonyesha mikunjo na vivuli. Ukivikutanisha kwa Multiply, mwanga unahesabiwa mara mbili. Ukivikutanisha kwa Color, ung'avu wa kanga unatupwa wote na kubaki ule wa mfuko. Hudhurungi na pinki zako zimetoka hapo, na njano nayo imekwama hapohapo.

Tuanze na kuchovya. Zana ya kuchovya rangi (Eyedropper) ya Photoshop, usipobadili mipangilio yake, husoma pikseli moja tu. Kanga ni pamba iliyofumwa: uzi mmoja uko juu umepata mwanga, wa pembeni yake umezama. Kamera ya simu inaongeza chenga zake, na faili la JPEG la simu nyingi huhifadhi taarifa za rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu wa picha, hivyo pikseli jirani zinagawana rangi ambayo si ya yeyote kati yao. Kama mteja aliituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, imebanwa tena njiani. Mwombe aitume upya kama hati.

Kwenye Photoshop bonyeza herufi I, kisha kwenye Sample Size juu chagua 31 by 31 Average. Hapo kila ukibofya unapata wastani wa pikseli 961 badala ya moja. Kama mji wa kanga una maua madogo na eneo tupu ni jembamba, shuka hadi 11 by 11. Mraba ukigusa ua, wastani umeharibika. Kwenye GIMP zana ni herufi O: washa Sample average na weka Radius 15, utapata mraba unaokaribia huohuo. Angalia pia kwamba namba zinaonyeshwa kwa kipimo cha 0 hadi 255, kwa sababu GIMP inaweza kuwa inakuonyesha asilimia na hesabu zote zitakazofuata zikaenda mrama. Chovya sehemu tatu zilizolala vizuri, mbali na mikunjo na mbali na mpaka wa pindo, maana mpakani rangi za pindo huvuja kuingia kwenye mji. Chukua wastani wa hizo tatu.

Kuna mtego mmoja hapa unaowanasa wengi. Photoshop ikiwa imewekwa All Layers, na GIMP ikiwa na Sample merged, zana inasoma kile unachokiona kwenye skrini, yaani picha pamoja na leya zote za juu yake. Ukishaweka leya ya Multiply kisha ukachovya tena ili "urekebishe", umechovya matokeo, si chanzo. Ukijaza tena inazidi kuwa nyeusi, unachovya tena, inazidi. Weka Current Layer, chagua leya ya picha yenyewe, ndipo uchovye. Kwenye GIMP ondoa alama ya Sample merged.

Sasa mwanga. Kama bado una nafasi ya kupiga picha upya, ipige, utaokoa nusu ya kazi. Tandika kanga na usimamishe mfuko kwenye fremu moja, kwenye kivuli cha wazi: barazani asubuhi, jua lisipowafikia moja kwa moja. Jihadhari na kinachorudisha mwanga kutoka pembeni. Kibaraza chenye bati la kijani au ukuta wa rangi ya chungwa kitatia rangi hiyo kwenye mfuko mweupe wala macho yako hayatakwambia. Ukuta wa chokaa kama zile kuta za zamani za Mikindani unafaa, ila chokaa iliyochakaa inavuta kwenye umanjano. Zima HDR na vichujio vyote vya simu, kwa sababu HDR hushughulikia kila eneo la picha kivyake, na sisi tunataka kanga na mfuko viwe chini ya mwanga mmoja.

Weka pia kitu cheupe au cha kijivu cha kupimia kwenye fremu hiyo. Kadi ya kijivu ya wapiga picha ndiyo bora. Karatasi ya A4 inatumika sana lakini ina kemikali ya kung'arisha inayogeuza miale isiyoonekana kuwa buluu, kwa hiyo nje inasomeka na ubuluu kidogo na picha ukiisahihisha kwa hiyo inaelekea njano. Ukikosa kadi, nunua duka la vifaa vya ujenzi ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, ikunje tabaka kadhaa hadi isipitishe mwanga. Ni plastiki nyeupe isiyoegemea rangi yoyote kwa kiasi kikubwa, na bei yake ni ndogo. Gusa skrini ya simu juu ya kipande hicho, kisha punguza mwanga mpaka weupe wake usomeke kati ya 225 na 240. Ukifika 255 taarifa imepotea na hakuna programu itakayoirudisha.

Fungua picha na uchovye ile tepu. Tuseme imesoma 240, 226, 196, yaani nyekundu, kijani na buluu kwa mpangilio huo. Nyekundu imezidi, buluu imepungua. Ni mwanga wa umanjano. Kwenye Photoshop ongeza leya ya marekebisho ya Levels, inayorekebisha weusi, kijivu na weupe wa picha, chukua kidondoshi cha kati, kile cha kijivu, ubofye tepu. GIMP ina kitufe hichohicho ndani ya Colors, Levels. Chaneli, yaani namba hizo za rangi, zote tatu zitakaribiana, tuseme 229, 229, 229. Kwa mfano wetu tuchukulie kwamba uso wa mfuko ulio bapa nao sasa unasoma 229, na mji wa kanga 142, 31, 46. Hizo ndizo namba tutakazozifanyia kazi. Kumbuka tu kwamba leya hiyo ya Levels sasa ni sehemu ya chanzo: ukitaka Current Layer ikusomee namba mpya, iunganishe na picha kwanza, kwenye nakala.

Tazama hasara ya kuruka hatua hii. Bila kusahihisha, buluu ya kanga ingesomeka kama 39, na Multiply ingeizidisha kwa 196 na kuigawa kwa 255, ikashuka hadi 30. Karibu robo yake imekatwa mara ya pili na umanjano uleule, huku nyekundu ikikatwa kidogo sana. Damu ya mzee iliyonyang'anywa buluu ndiyo hudhurungi uliyoiona.

Pinki nayo ina hesabu yake. Modi ya Color inachukua aina ya rangi na ukolevu kutoka leya ya juu, na ung'avu kutoka leya ya chini. Kwenye Photoshop ung'avu hupimwa kwa kujumlisha asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya buluu. Kanga yetu ya 142, 31, 46 ina ung'avu wa 66 hivi. Mfuko una 229. Programu inalazimika kuinua rangi ya kanga kutoka 66 hadi 229, na kwa kuwa nyekundu inagonga dari ya 255 mapema, ukolevu unapunguzwa mpaka kila kitu kienee. Matokeo ni 255, 217, 222, yaani pinki hafifu ya nguo ya mtoto mchanga. Mfuko ungekuwa mweupe kabisa, 255, usingeona rangi yoyote, maana weupe kamili hauna pa kuweka rangi. Color ni modi nzuri pale kitu cha chini kina ung'avu unaokaribia ule unaoutaka, kwa mfano kugeuza gauni jekundu kuwa la kijani chenye uzito uleule. Kwa mfuko mweupe kwenda damu ya mzee, iache.

Tumia Multiply, ila gawanya kabla ya kuzidisha. Multiply huchukua namba ya juu mara namba ya chini, kisha inagawa kwa 255. Unachotaka ni kwamba pale mfuko unaposoma 229, jibu liwe rangi ya kanga yenyewe. Basi kila chaneli ya kanga uizidishe kwa 255 na kuigawa kwa 229:

Nyekundu: 142 × 255 ÷ 229 = 158
Kijani: 31 × 255 ÷ 229 = 35 (baada ya kukadiria)
Buluu: 46 × 255 ÷ 229 = 51

Zungushia mfuko uteuzi, nenda Layer, New Fill Layer, Solid Color, andika 158, 35, 51, na weka modi Multiply, Opacity 100. Uteuzi utageuka wenyewe kuwa maski, yaani mpaka unaozuia rangi isitoke nje ya mfuko. Kwenye GIMP fungua leya mpya, ijaze rangi hiyo, ongeza maski kutoka kwenye uteuzi, kisha badili modi. Eneo bapa litasoma 142, 31, 46, na kwenye mkunjo ambao mfuko mweupe ulisoma 120, nyekundu itashuka hadi 74, kama ambavyo mfuko wa rangi hiyo ungeonekana kweli penye kivuli. Ungetumia 142 moja kwa moja, eneo bapa lingekupa 128, 28, 41. Tofauti hiyo kwenye karatasi inaonekana ndogo, lakini ukiweka kanga pembeni ya tangazo, mteja ataiona kabla hujafungua mdomo.

Kama mfuko si mweupe bali ni wa karatasi ya kaki, hesabu ni ileile ila kila chaneli inagawanywa kwa namba yake. Kaki inayosoma 190, 150, 105 itahitaji leya ya 191, 53, 112. Usishangae ukiona leya yenyewe inaonekana zambarau. Inapaswa kuwa hivyo ili ifute umanjano wa kaki.

Ukishamaliza, sasa ndipo ruhusa kuchovya matokeo kwa All Layers, kwa ajili ya kukagua tu. Namba tatu zikishuka zote kwa uwiano mmoja, umechovya penye kivuli, sogea. Ikipotoka chaneli moja peke yake, rudi kwenye Levels, tepu haikusahihishwa vizuri. Zote zikiwa juu kuliko lengo, angalia Opacity au maski yenye ukijivu.

Kuhusu kuhamisha faili kati ya ofisini na nyumbani: tangu GIMP 2.10, Multiply ya kawaida huhesabiwa kwenye mwanga halisi, wakati Photoshop kwa mipangilio yake ya kawaida huhesabu kwenye namba zilizokwisha kukunjwa kwa ajili ya skrini. Kwa Multiply hili halikudhuru sana. Kwa mfano wetu, kwenye eneo bapa tofauti ni namba moja hivi, na penye vivuli inaongezeka kidogo. Kwa modi ya kujumlisha, ile ambayo GIMP inaiita Addition na Photoshop inaiita Linear Dodge, tofauti inaonekana wazi. Ukitaka zilingane, bofya kulia kwenye leya ndani ya GIMP, nenda Blend Space, chagua RGB (perceptual).

Njano ya bibo ina kikwazo cha peke yake. Tuseme bibo limesoma 246, 196, 38. Nyekundu: 246 × 255 ÷ 229 inatoa 274, na hakuna namba hiyo. Multiply haiwezi kung'arisha. Inaacha vilevile au inatia giza. Bibo lilipigwa picha kwenye mwanga mkali kuliko mfuko, kwa hiyo unatafuta rangi inayong'aa kuliko mfuko wenyewe mweupe. Dawa ni kuinua mfuko kwanza. Weka leya ya Levels chini ya leya ya rangi, kwa maski ileile, na ushushe kitelezi cha weupe upande wa Input kutoka 255 hadi 234. Iliyokuwa 229 itakuwa 250. Sasa gawanya kwa 250: utapata 251, 200, 39, na zote zinaingia. Gharama yake ni kwamba chochote kwenye mfuko kilichozidi 234 kimeungua kuwa weupe mtupu, hasa mng'aro wa plastiki, na huo tunaurudisha.

Mng'aro kwa kweli ndio unaotenganisha tangazo linaloaminika na picha iliyopakwa rangi ya maji. Mstari mweupe unaong'aa kwenye ubavu wa mfuko wa plastiki si rangi ya mfuko. Ni mwanga uliorudi kutoka juu ya uso bila kuingia ndani. Mfuko wa damu ya mzee chini ya anga lilelile una mng'aro mweupe uleule. Multiply haijui hilo, inaupaka rangi pamoja na vingine, na plastiki inageuka kuonekana kama karatasi. Nakili leya ya picha iliyosahihishwa weupe, ipeleke juu kabisa, ipe maski ya mfuko. Iondoe rangi, fungua Levels, na usogeze kitelezi cha weusi upande wa Input hadi juu kidogo ya namba ya eneo bapa, kwa mfano 236. Kila kitu kitakuwa cheusi isipokuwa mistari ya mng'aro. Badili modi kuwa Screen. Kwenye Screen nyeusi haifanyi lolote na nyeupe inang'arisha, kwa hiyo mng'aro pekee unarudi. Anza na Opacity 80. Mfuko wa plastiki isiyong'aa unaweza kuhitaji 40 tu. Ukiona mabaka yenye kingo kali, ni kwa sababu kati ya 236 na 255 kuna hatua chache sana: lainisha leya hiyo kwa Gaussian Blur ya pikseli 1 au 2.

Maski yenyewe iwe na ulaini wa pikseli 0.5 hadi 1 ukingoni. Ikiwa kavu kabisa, mfuko unaonekana umekatwa kwa mkasi. Ikiwa laini mno, unabaki uzi mweupe kuuzunguka. Uzi huo ukijitokeza, usipake rangi juu yake, panua maski kwa pikseli moja. Dirisha la kuonyeshea korosho na maandishi ya lebo vitolewe kwenye maski kabisa. Korosho zikipata hata asilimia 10 ya damu ya mzee zinaonekana zimeungua kwenye kikaango.

Mteja akileta mfuko mweusi, mwambie alete mweupe. Screen inaweza kuinua weusi wa 28 hadi 142, lakini mikunjo inafifia na mfuko unakuwa bapa.

La mwisho ni uchapaji. Usilipeleke faili lenye leya kwenye CMYK, mfumo wa rangi za wino wa uchapaji. Multiply na Screen zinahesabiwa kwa namba za wino badala ya mwanga pindi faili linapobadilishwa, na hesabu yako yote inavurugika. Tengeneza nakala, iunganishe leya zote kuwa moja, ndipo ubadilishe kwa wasifu wa rangi watakaokupa wenye mashine. Damu ya mzee huvuka vizuri. Njano ya bibo huvuka kwa kadiri ya kuridhisha. Mteja akitaka kijani kinachowaka au buluu kali, mwonye mapema, hizo hupauka kwenye wino. Omba wakuchapie kwanza ukanda mdogo wenye rangi tatu, yako na nyingine mbili zilizopanda na kushuka kwa 10 kwenye kila chaneli, kwenye nyenzo ileile ya kifungashio. Utoe nje, uulaze juu ya kanga yenyewe barazani, na mteja achague hapo kwa macho yake.